Nyumba Iliyojibu Mbiu ya Shule

Siku ya soko mjini Thika, watu wakisukumana kati ya mafungu ya ndizi na magunia ya maharagwe, kijana mmoja mrefu alipanda juu ya sanduku la mananasi, akagonga kipande cha reli kwa nyundo, akatangaza kwa sauti iliyowanyamazisha hata kuku waliofungwa miguu.

"Wazazi wa shule yetu, sikilizeni. Shule inafunguliwa Jumatatu. Kila mtoto aje na jembe au panga, na awe amenyolewa kichwa. Daktari wa chanjo atakuja wiki hiyo hiyo. Mzazi asimfiche mtoto. Sindano haiumi."

"Inauma," ilisema sauti ya mwanamke chini yake.

Watu walicheka. Kijana alitazama chini, akaona msichana aliyevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, kitambaa cha buluu kichwani, na viatu vya turubai vyeupe pe. Kwapani alibana boksi la chaki, na mtu mwenye macho angejua mara moja ni nini kilichovifanya viatu vile viwe vyeupe namna ile.

"Dada, umesema nini?"

"Nimesema inauma. Mtoto ukimdanganya leo juu ya sindano, kesho hataamini ukimwambia mbili na mbili ni nne."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mwalimu mpya wa darasa la kwanza. Na wewe ndiwe utakayepeleka maneno yangu kwa wazazi, kwa hiyo afadhali tuelewane mapema. Tangaza upya."

Kijana aligonga chuma tena, polepole, kama mtu aliyeshindwa kesi. "Wazazi, mwalimu anasema sindano inauma kidogo."

"Inauma. Halafu inapita."

"Inauma, halafu inapita," akatangaza, na mama mmoja muuza viazi akaitikia, "Hilo sasa ni neno la kweli."

Hivyo ndivyo Jeconia alivyokutana na Nyawira, katika mwaka wa 1958.

Jeconia alikuwa ametoka upande wa Nyanza, akaja Thika kumenya mananasi kiwandani, mpaka maji ya matunda yakamla vidole. Ndipo shule ikamwajiri kwa ajili ya sauti yake. Tena Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa bado haijaondolewa, ingawa kamba yake ilikuwa imelegea, na mtu wa kwao mbali hakusimamishwa sana na askari njiani.

Kazi yenyewe siku hizi imesahaulika. Wazazi wengi hawakujua kusoma, na karatasi aliyopewa mtoto shuleni iliishia kuwashia moto au kufungia ugoro wa babu. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu, Bwana Kang'ethe, mtu wa kaptura iliyonyooshwa kwa pasi na soksi ndefu, aliweka sheria yake. Habari zote za shule zilipigiwa mbiu kwenye lango la kila mzazi: kufungua, kufunga, chanjo, majembe, surua ikiingia darasani. Mpiga mbiu aligonga chuma, akasema habari, akangoja. Wenye nyumba walijibu, "Tumesikia," ndipo akaenda lango linalofuata. Mtoto hakuweza kuadhibiwa kwa jambo ambalo nyumba yao haikulijibu. Na nyumba iliyonyamaza muhula mzima ilipoteza nafasi ya mtoto wake, kwa sababu watoto waliongojea walikuwa wengi kuliko madawati.

Aliyemwachia kazi ni Nzau, Mkamba mzee ambaye magoti yalikuwa yamemshinda. Siku moja kabla ya kurudi kwao Ngoliba, Nzau alimwonyesha Jeconia malango yote. Walipofika juu ya mteremko unaoelekea mto Chania, mzee alisimama akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"La mwisho liko kule chini. Mimi leo sishuki."

"Ni la nani, mzee?"

"La Mama Wangeci. Gonga, sema, ngoja ujibiwe, urudi. Usiingie ndani ya ua."

"Ana mbwa?"

"Hana kitu," alisema Nzau, akageuka kuondoka.

Jeconia alishuka peke yake asubuhi moja ya baridi, ukungu wa Juni ukiwa umelala juu ya mibuni. Nyumba ya mwisho yenye moshi aliiacha nyuma. Mbele yake palikuwa na ua mrefu wa kayaba, miiba yake imefumana hata mtu asione ndani, na lango la mbao mbili zilizofungwa kwa waya. Hakusikia jogoo wala mtoto. Majani kwenye njia yalikuwa yamesimama wima na umande wote juu yake, kama kwamba hakuna mguu uliopita tangu mvua.

Aligonga. Sauti ya chuma ilikwenda ikarudi. Akasema habari za chanjo, akangoja. Alikaribia kukata tamaa aliposikia, karibu sana, kama mtu aliyesimama upande wa pili wa jani moja tu:

"Tumesikia."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu na tulivu. Jeconia aliinua kofia kwa adabu.

"Asante, mama. Mtoto ataanza mwaka ujao?"

Alingoja tena. Kisha, "Mkono haujafika bado."

Alielewa. Watoto wa wakati ule hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umri wa shule umetimia. Alipanda mteremko akipiga mluzi, na hakujua ni kwa nini mluzi ule ulimkatika kinywani kabla hajafika juu. Mama wa nyumba ya mwisho yenye moshi alikuwa mlangoni akimtazama.

"Unatoka kule chini?" mama yule aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa Mama Wangeci."

Mama aliingia ndani akafunga mlango, ingawa ilikuwa asubuhi.

*

Mapenzi ya Jeconia na Nyawira yalianzia pale sokoni, yakakulia katika hoteli ya chai karibu na stesheni, ambako mandazi yalikuwa makubwa na chai ilikuwa na moshi. Nyawira alimwita "kengele yangu". Yeye alimwita "chaki".

"Chaki huisha," alisema Nyawira.

"Lakini inaacha alama."

"Inafutwa kwa kitambaa, kengele yangu. Tafuta sifa nyingine."

"Basi nipe wiki moja."

"Wiki moja kutafuta neno? Na wewe kazi yako ni maneno?"

Jumapili moja Jeconia alivaa suruali ya kijivu na tai ya kuazima, akapanda treni mpaka Ruiru, na pakiti ya majani ya chai na sukari mkononi, kwenda kumwona baba yake Nyawira. Mzee Mburu alikuwa mtu wa kugeuza njia za reli pale stesheni na mzee wa kanisa, na katika kazi zote mbili hakuwahi kukosea. Alimkalisha Jeconia kwenye kigoda kifupi, naye akakaa kwenye kiti.

"Kwenu ni wapi?"

Jeconia alitaja.

"Ni mbali. Mimi siwezi kwenda kuuliza majirani zenu kama baba yako ni mtu mwema. Ukoo wako siuoni. Nitakuona kwa neno lako peke yake. Unanielewa?"

"Ninaelewa, baba. Huku ugenini neno langu ndilo ukoo wangu."

"Umesema vizuri. Sasa sikia upande wake wa pili. Siku nitakayosikia umesema uongo, hata mdogo, usilete tena sukari yako hapa."

Nyawira, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alitoka na chai, na alipompa kikombe vidole vyao viligusana muda kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika.

Miezi ilipita. Jeconia alishuka kwenye lango la mwisho kila mbiu, na kila mara alijibiwa. Siku moja alisahau kutaja majembe, na alipokuwa akigeuka, sauti ilimwuliza, "Na majembe je?" Alishtuka, maana majembe yalikuwa yametangazwa sehemu nyingine asubuhi ile ile, na hakuona mtu aliyemtangulia kushuka. Alimsimulia Nyawira, naye akacheka.

"Huyo ni mzazi mwema. Ningepata kumi kama yeye."

"Hakohoi, hacheki, hapiki. Sijawahi kusikia harufu ya moto pale."

"Labda hataki harufu ya chakula chake ikuzoeshe. Nakujua wewe."

*

Desemba, shule ilipofungwa, Nyawira alianza kuwatembelea wazazi wa watoto watakaoingia darasa lake mwaka mpya. Alivaa gauni lake la manjano, akafuata malango kama Jeconia alivyomwelekeza. Alipofika kwenye ua wa kayaba aliita hodi, hakujibiwa, akafungua waya, akaingia. Hakuna aliyekuwa amemkataza.

Paa lilikuwa limeanguka ndani. Mbarika ulikuwa umeota katikati ya mafiga matatu, mnene kama mkono wa mtu, na juu ya ukuta wa udongo mchwa walikuwa wamejenga. Alisimama pale akiwa ameshika lango, na jambo lililomtisha si magofu, kwa maana magofu yalikuwa mengi tangu serikali ilipowahamishia watu vijijini kwa nguvu. Kilichomtisha ni kwamba uwanja ulikuwa umefagiliwa.

Alipanda mteremko mbio. Mama wa nyumba ya mwisho alimpa maji ya kunywa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wamboi, huyo Mama Wangeci, alizikwa mwaka ule wa kuhamishwa. Homa ya kifua. Mtoto alichukuliwa na nyanya yake, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Wapi, sijui. Mwalimu, kunywa maji uende."

Nyawira alimkuta Jeconia katika hoteli ya chai.

"Kengele, niambie kweli. Lango la mwisho huwa unashuka?"

"Kila mara."

"Na huwa unajibiwa?"

"Kila mara. Kwa nini?"

"Wamboi, huyo Mama Wangeci wako, amekufa. Zaidi ya miaka mitatu. Nimeona mti umeota jikoni mwake."

Jeconia aliweka kikombe chini. Uso ulimpauka, na Nyawira, kwa kuwa alikuwa na uchungu, akausoma kama uso wa mtu aliyenaswa.

"Nyawira, mimi nimesema naye. Aliniuliza habari za majembe."

"Nani? Mbarika? Ulikaa hapa na mandazi yako, ukamwambia Mwalimu Mkuu nyumba zote zimejibu. Na mimi nikakusifu kwa baba yangu."

"Sikukaa hapa."

"Basi nionyeshe mtu aliyemsikia akijibu."

Hakuwa naye. Nyawira aliondoka, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kweli, alikwenda kwa Bwana Kang'ethe akasema alichokiona. Alilia njiani, lakini alisema.

Bwana Kang'ethe alimkumbuka Wamboi. "Alikuja hapa na mtoto mgongoni kuomba nafasi. Nikacheka, nikamwambia mtoto hajui hata kutembea. Akasema atangoja. Nikamwambia, haya, ukijibu mbiu kila muhula, nafasi yako ipo." Kisha akamgeukia Jeconia, aliyekuwa ameitwa, amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Piga mbiu ya mwisho ya kufungua shule. Jumatatu ya kufungua, nafasi ya mtoto huyo apewe mwingine, na wewe uache chuma hapa ofisini. Shule haiwezi kuwa na mpiga mbiu ambaye wazazi hawamwamini."

Jeconia hakuhuzunikia kazi. Mananasi yalikuwepo bado. Lakini Mzee Mburu angesikia, na neno la Jeconia likishaanguka, hakuwa na ukoo wa kumwinua.

*

Januari, Ijumaa kabla ya shule kufunguliwa, Jeconia aliingia katika duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa, akaomba simu, na baada ya milio na kukoroma kwingi akapata stesheni ya Ruiru. Karani wa huko alikuwa rafiki. Alikwenda kumwita Nyawira katika nyumba za wafanyakazi.

"Sema upesi," alisema Nyawira. "Baba yuko kwenye njia ya pili, treni ikipita atarudi."

"Umemwambia?"

"Bado. Nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo najikuta nimemwuliza kama anataka chai. Anakunywa chai tangu Jumatatu."

"Nyawira, sikudanganya."

"Unasema hivyo tena."

"Sina kingine cha kusema. Basi nikupigie mbiu moja tu, halafu nitanyamaza." Alijikohoza. Muuza vitambaa alijifanya anapima shiti. "Shule inafunguliwa Jumatatu. Na Jeconia anampenda mwalimu wa darasa la kwanza, wala hajawahi kumwambia uongo."

Waya ulivuma. Kisha, kwa utulivu, "Tumesikia."

Moyo wa Jeconia uliruka. "Asante, chaki yangu."

"Asante ya nini?" sauti ya Nyawira ilikuwa imebadilika. "Mimi sijasema kitu. Nani huyo mwanamke uliye naye?"

"Mwanamke gani? Hapa kuna mwenye duka tu."

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Ana sauti kavu. Amesema 'tumesikia', kama anavyojibu mtu mwenye nyumba." Kisha alisema polepole. "Kumbe ndivyo. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Kuna mwanamke unamficha katika nyumba ile ya marehemu, ndiye anayekujibu, na leo umekuja naye mpaka kwenye simu kunicheka."

"Nyawira, hiyo ndiyo sauti. Ndiyo hiyo hiyo."

Simu ilikatika. Jeconia alishikilia mkono wa simu muda mrefu, mpaka muuza vitambaa akamwondolea taratibu, naye akaupangusa kwa kitambaa kabla ya kuurudisha mahali pake.

*

Jumamosi Nyawira alishuka treni Thika akiwa amevaa gauni jeusi la kanisani na viatu ambavyo hakuvipaka chaki. Hakumwambia mtu. Alitaka kumwona mwanamke huyo uso kwa uso, amwambie atakalomwambia, arudi kwao akamweleze baba yake.

Jeconia alipiga mbiu yake ya mwisho tangu asubuhi, lango kwa lango. Alifika juu ya mteremko jua likiwa utosini. Januari haina ukungu. Kila jani la mbuni lilionekana, na vumbi la njia lilikuwa jeupe. Nyawira alimfuata kwa mbali, akapita kati ya mibuni, akatokea ubavuni mwa ua mahali palipokuwa na pengo. Kutoka hapo aliona vyote viwili: Jeconia nje ya lango, na ndani uwanja mtupu, ukuta, mlango usio na mbao, mbarika ukiinua majani yake mekundu pale mafiga yalipokuwa. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mahali pa mtu kujificha.

Jeconia aligonga chuma. Nyenje waliokuwa wakilia tangu asubuhi walinyamaza wote pamoja.

"Mama Wangeci," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imechoka. "Shule inafunguliwa Jumatatu. Nafasi ya mtoto wako atapewa mwingine, kwa sababu hawaamini kwamba unanijibu. Mimi najua unanijibu. Nimekuja kukupa habari kama ilivyo. Inauma."

Nyawira alitazama uwanja. Majani ya mbarika yalitikisika mara moja, na upepo haukuwepo.

"Tumesikia," ilisema sauti ile kavu. Haikutoka nyumbani. Ilitoka kwenye hewa kati yake na Jeconia, na Nyawira akahisi ubaridi wake shavuni, kama mtu anapofungua mtungi.

Lakini Nyawira alikuwa mwalimu, na alikuwa amezungumza na mamia ya wazazi. Alipita kwenye pengo akasimama uwanjani.

"Mama Wangeci," alisema. "Mimi ndiye mwalimu wake. Mtoto yuko wapi?"

Jeconia, nje ya lango, alisikia sauti ya Nyawira akadhani yeye mwenyewe amerukwa na akili.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa limechoka, kama la mtu aliyesimama mlangoni muda mrefu akingoja kuulizwa.

"Ruiru. Kwa mama yangu. Mkono umefika."

Nyenje wakaanza tena. Nyawira alitoka kupitia langoni, akafunga waya kwa uangalifu, kama mtu anavyofunga lango la mwenyeji aliye ndani. Jeconia akamsaidia kuukaza.

"Umesikia?" Jeconia aliuliza.

"Nimesikia."

"Ndiye yule wa kwenye simu?"

"Ndiye." Kisha akaanza kulia. "Na mimi nimevaa gauni jeusi kuja kukuacha."

"Linakupendeza."

"Usinichekeshe hapa, Jeconia. Tuondoke. Treni ya jioni isituache."

*

Kijiji alikoishi mama yake Wamboi kilikuwa nyuma ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, nyumba zimepangwa mstari kama walivyopangwa watu enzi ya kuhamishwa. Hawakuuliza mara nyingi. Mwanamke mzee alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharagwe katika uteo, na kando yake msichana mdogo mwenye macho makubwa alikuwa akirusha mabovu kwa kuku.

"Cucu, hamjambo," alisalimu Nyawira. "Tunatoka shule ya Thika. Huyu ni Wangeci?"

Bibi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuonekana kushangaa, ila mikono yake ilisimama juu ya maharagwe.

"Mmechelewa," alisema. "Nilidhani mtakuja kabla ya mavuno."

"Ulijua tutakuja, cucu?" aliuliza Jeconia.

"Binti yangu alipokuwa akifa nilimwambia, huyu mtoto nitampeleka Ruiru, sasa habari za shule nitazipata wapi, mimi nisiyefika Thika? Akaniambia, 'Maitũ, mama yangu, wewe mlee tu. Habari za shule nitazisikiliza mimi.' Nikafikiri ni homa inasema."

Jeconia alivua kofia. Nyawira alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Wangeci, hebu pitisha mkono juu ya kichwa. Huu wa kulia. Hivi."

Mtoto alipitisha. Vidole vilitambaa juu ya nywele fupi, vikashuka upande wa pili, vikakamata sikio. Akacheka kwa fahari, akiwa bado amelishika, na bibi akafunika uso kwa kona ya shuka.

Jumatatu asubuhi Bwana Kang'ethe alimkuta mtoto kwenye dawati la mbele, amenyolewa, jembe dogo miguuni. Alimwita Nyawira nje.

"Mmempataje?"

"Nyumba ilijibu, mwalimu."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nilikuwa ndani ya ua, mchana, na nimesikia kwa masikio yangu."

Bwana Kang'ethe alikuwa mtu wa kitabu na hakupenda mambo ambayo hayakuwa katika kitabu. Alivuta soksi zake, moja, kisha nyingine. Mwishowe alisema, "Mwambie Jeconia chuma kiko ofisini. Mbona hajaja kukichukua?"

Mzee Mburu alisimuliwa yote na binti yake mwenyewe, tena bila chai. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama Jeconia alikuwa amebadilisha maneno yake hata mara moja, siku ambayo ingemfaa kuyabadilisha. Nyawira akasema hakubadilisha.

"Basi mwambie sukari imekwisha hapa nyumbani," alisema mzee.

*

Mbiu iliyofuata waliipiga pamoja, maana Nyawira hakutaka Jeconia ashuke peke yake. Jeconia aligonga chuma penye lango la mwisho. Alisema kwamba Wangeci anajua kusoma herufi, kwamba analala kwa dada ya bibi yake pale Majengo siku za shule, kwamba ana kalamu yake mwenyewe. Wakangoja. Nyenje walilia bila kukoma. Hakuna aliyejibu.

"Amekwenda," alisema Nyawira, na alishangaa kuona anasikitika.

Jeconia alibaki na nyundo mkononi. "Sijawahi kuondoka hapa bila jibu. Sitaanza leo." Aligonga tena, akamgeukia. "Mwalimu Nyawira binti Mburu, sikiliza. Jeconia ana chumba kimoja, suruali mbili na chuma cha reli. Anataka kukuoa."

"Malizia tangazo. Waambie wazazi kama inauma."

"Itauma. Kwetu ni mbali, na wapo watakaokucheka kwa ajili yangu."

"Halafu inapita?"

"Hiyo siijui, chaki. Sitasema nisilolijua."

Nyawira alicheka mpaka akashika lango. "Nimesikia," alisema. "Haya, panda mlima kabla sijabadili nia."

Katika kanisa la Ruiru ndoa ilitangazwa Jumapili tatu, kama ilivyo desturi. Watu walitania kwamba mpiga mbiu sasa alikuwa akipigiwa mbiu. Jumapili ya mwisho Nyawira alivaa gauni lake la manjano, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kuliko ukuta. Mchungaji alisoma majina, akauliza kama kuna mwenye neno, akangoja.

Kutoka nyuma, karibu na mlango, kwenye benchi ambalo hakuna aliyekuwa amekalia, sauti ya mwanamke ilisema kwa utulivu, "Tumesikia."

Mchungaji aliinua macho, akatafuta, akarudi kwenye kitabu chake. Watu wachache waligeuka. Jeconia na Nyawira hawakugeuka. Walishikana mikono kwa nguvu.

Mbele, kando ya nyanya yake, Wangeci naye hakugeuka. Alipitisha tu mkono wa kulia juu ya kichwa chake, akakamata sikio la kushoto, akalishika hivyo muda mrefu, ili aliye nyuma aone.